Chagua risasi kwanza, bunduki itafuata

Haya ni maongezi niliyofanya renji, yaani uwanja wa kupigia shabaha, nje kidogo ya Arusha, na vijana wanaojifunza kazi ya uwindaji wa kitalii pamoja na wenzetu wanaokuja kupiga shabaha wikiendi. Watu waliomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, msinitoze faini ya sarufi.

Wazee shikamooni. Vijana mambo vipi. Dada zangu karibuni sana, leo mko wengi na nimefurahi kwelikweli, maana mwanamke ukimfundisha kulenga anafuata unachomwambia, hana ile ya kutaka kumuonesha shemeji kwamba na yeye ana misuli.

Haya, nimepewa mada ya kuchagua bunduki na kuijaza. Kabla sijaanza, aliyekuja na silaha yake naomba iwe mezani, boliti, lile komeo la chuma unalovuta na kusukuma, iwe wazi, mtutu unatazama kule kwenye tuta la udongo, na risasi ziwe kwenye begi, siyo kwenye mfuko wa suruali pamoja na sarafu na funguo za gari. Mzee wangu pale nyuma, samahani, na hiyo yako pia. Asante sana.

Sasa. Nikiuliza hapa nani anataka kununua raifo, mikono itanyooka mingi tu, nikiuliza ya kumpiga nani, kimya. Mtu anataka .300 Winchester kwa sababu kaiona kwa rafiki yake, mwingine anataka .458 kwa sababu namba yenyewe inatisha (hizo namba ni kaliba, yaani upana wa tundu la mtutu kwa inchi), lakini mnyama hajamfikiria kabisa. Mimi nasema tupange hivi: jua kwanza mnyama, ukishamjua chagua kichwa cha risasi kitakachofika ndani yake bila kuvunjikavunjika njiani, ukishapata kichwa tafuta ganda lenye baruti ya kutosha kukisukuma, na bunduki iwe ya mwisho kabisa, maana bunduki ni bomba lenye kitako. Najua kuna watu wamenuna hapo, silaha zao zimechongwa maua pembeni na mbao ni za bei mbaya. Nzuri, sikatai. Ila nyati haangalii maua.

Niwape kisa kimoja. Mwaka 1946 kuna Mmarekani anaitwa John Nosler alikuwa anawinda Kanada, anawinda moose, yule mnyama wa kule mwenye mapembe mapana kama sinia, akisimama ni mrefu kuliko hata ng'ombe dume. Alikuwa na .300 H&H, risasi yenye kasi kubwa kwa zama zile. Kampata dume limejigaragaza kwenye tope na tope limekauka mwilini. Kapiga, mnyama kasimama, kapiga tena, bado kasimama. Kumbe kile kichwa cha risasi kikigonga lile tope na bega kwa ile kasi kinapasuka palepale juu, kama embe bivu lililogonga ukuta, kwenye mapafu hakifiki. Sasa angalia mtu mwenye akili anafanyaje. Hakwenda kununua bunduki kubwa zaidi. Alirudi nyumbani akatengeneza kichwa cha risasi chenye ukuta wa shaba katikati, nusu ya mbele inafunguka na kutanuka, nusu ya nyuma imekingwa na ule ukuta inaendelea kwenda ndani, na 1948 akaanza kuviuza. Mpaka leo hivyo vichwa vinaitwa Partition na viko madukani. Bunduki ilikuwa ileile, kilichobadilika ni gramu chache za madini pale mbele.

Kwa hiyo mtu akiniambia kaliba fulani haiui, swali langu la kwanza ni ulikuwa umeweka kichwa gani.

Tuje kwetu. Tanzania kanuni za uwindaji wa kitalii zinasema kwa wale wakubwa na hatari, tembo, nyati, simba, kaliba inaanzia .375. Bastola hairuhusiwi, na silaha zinazojikoki zenyewe nazo hazitakiwi. Sasa hiyo .375 tunayoisema sana ni .375 H&H Magnum, waliitoa Holland & Holland wa London mwaka 1912, yaani imeshapita miaka mia na bado ndio risasi ya kwanza ninayomtajia mtu. Kichwa cha greni 300, hiyo ni kama gramu 19 na nusu hivi, kinatoka mtutuni kwa kama mita 770 kwa sekunde. Pofu unampiga, nyati unampiga, simba unampiga, na swala pala pia unampiga na nyama haiharibiki kivile, kwa sababu risasi yenyewe haikimbii kupita kiasi. Alafu ganda lake tazameni, nawapitishia hili hapa, halina risasi msiogope. Mnaona lilivyochongoka kuelekea mbele? Na huo mkanda pale kitakoni mnauona? Kule kuchongoka kunafanya liingie kwenye chemba, kile chumba cha nyuma ya mtutu risasi inapokaa, kirahisi na litoke kirahisi hata kukiwa na joto na vumbi, na mkanda ndio unalizuia lisizame mbele kupita kiasi, maana bega lake ni dogo sana, halitoshi kulishika. Watu wa zamani walifikiria jamani.

Najua kuna mtu kichwani mwake anasema mbona Bell. Kila mwaka kuna mtu wa Bell. Haya, tumalizane naye. Walter Bell, Mskoti, walimwita Karamojo kwa sababu aliwinda Karamoja kule kaskazini mashariki mwa Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya 1,000 na wengi wao kwa .275 Rigby, ambayo ukiiangalia ni 7x57 ya Mauser tu, risasi ambayo leo tunaiita ya swala. Ni kweli kabisa. Lakini Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi ukimtazama kwa mbele, kwa ubavu, kwa nyuma, alikuwa anatumia risasi ngumu isiyofunguka, ndefu na nyembamba, inayopita kwenye mfupa bila kupinda, na alikuwa anakaa porini miezi na miezi, mkono wake haukujua kutetemeka. Wewe una likizo ya wiki moja na kiyoyozi ofisini. Usinitajie Bell. Na hata hivyo kisa chake kinanisaidia mimi, maana alichagua kichwa cha risasi kwanza, bunduki ndogo ikamtosha.

Tatizo la kaliba kubwa ni nini? Teke. .375 inapiga bega karibu mara mbili ya .30-06, na ukienda .458 utaongea mwenyewe. Watu hawataki kukubali kwamba wanaogopa, mwanaume hasa, atakwambia haina shida mimi niko fiti. Sasa mimi nina njia yangu, na waliowahi kuja hapa wanaijua. Namwambia mgeni anipe risasi zake nimjazie mimi, nageuka nampa mgongo, naweka risasi ya kweli, naweka ya bandia isiyo na baruti, naweka ya kweli, anapokea hajui ipi iko juu. Ya kwanza inalia, safi. Anakoki, anatulia, anavuta triga, inasema 'tik'. Hapo ndipo mtu anajiona. Mtutu unazama chini kiganja kizima, macho yamefumba, bega limeenda mbele kama anasukuma mlango, na bunduki haijalia. Hakuna haja ya kumwambia neno. Kuna bwana mmoja alikuja na .458 mpya kabisa, kisha akamaliza safari nzima na .375 ya kuazima, akaondoka na nyati wake safi kabisa, risasi moja bega la mbele na ya pili ya kuhakikisha.

Kwa hiyo sheria yangu kubwa kuliko zote ni hii, kaliba yako ni ile unayoweza kuipiga bila kufumba macho. Basi.

Sasa aina za vichwa. Huku kazini tunasema sofuti na solidi. Sofuti mbele ina madini laini ya risasi yako wazi, au siku hizi shaba tupu yenye tundu puani, ikiingia inatanuka inakuwa kama uyoga na inaacha jeraha pana. Solidi haifunguki, ni ngumu mwanzo mwisho, inapita moja kwa moja. Nyati akiwa kundini mkishaweka solidi ya kwanza mnacheza kamari, maana inaweza kumtoboa huyu ikatokea upande wa pili ikamjeruhi jike lililosimama nyuma yake, na hapo una wanyama wawili, mmoja hauna leseni yake, na huyo wa pili ndiye utakayemfuata kwenye majani marefu jioni. Ndio maana wengi tunaweka sofuti nzuri iwe ya kwanza kutoka, zinazofuata chini yake ni solidi, kwa sababu risasi ya pili na ya tatu nyati huwa keshageuka anakimbia, unampiga kwa nyuma au kwa pembeni, unahitaji kitu kitakachosafiri urefu wa mwili mzima hadi kifuani. Tembo ni solidi tupu. Simba na chui ni sofuti, ngozi yao nyepesi na mwili mdogo, solidi itapita kama sindano na yeye atakuja kukusalimia.

Na hapa ndio kujaza kunapoanzia, wengi hamjaliona hilo. Magazini ya raifo ya boliti, lile sanduku la chini risasi zinakopangwa, ile uliyoiweka mwisho ndiyo inatoka kwanza. Kwa hiyo ukitaka sofuti itoke kwanza unaanza kuweka solidi, unamalizia na sofuti juu. Kijana akishachanganyikiwa kwa haraka anaweka kinyume, na hatajua mpaka imeshalia. Zoea kuzitenganisha kwenye mkanda wa kiunoni, sofuti kushoto solidi kulia, au vyovyote utakavyo ila iwe hivyo siku zote, uweze kuchomoa bila kutazama.

Niwaoneshe kwenye hii hapa, ni mfumo wa Mauser wa 1898, na bunduki nyingi za nyati mnazoziona ni watoto na wajukuu zake, Rigby, Winchester Model 70 za zamani, Brno, CZ. Angalieni hii ndimi ndefu ya chuma pembeni ya boliti. Risasi ikitoka kwenye magazini inapanda na kitako chake kinateleza chini ya hii ndimi, kwa hiyo boliti imeshaishika risasi kabla hata haijaingia chemba, hata ukipindua bunduki chini juu haidondoki, na ganda likishalia linavutwa kwa nguvu kweli. Ndio sababu tunaipenda kwa wanyama hatari. Lakini sasa, sikilizeni hapa, usichukue risasi ukaidondosha kwa mkono ndani ya chemba alafu ukasukuma boliti kwa nguvu. Nyingi za mfumo huu hazikutengenezwa ile ndimi iruke juu ya kitako cha ganda, utalazimisha leo, utalazimisha kesho, siku moja inakatika, na itakatika siku mbaya. Risasi zote zipitie magazini. Unaweka kwa dole gumba, unabonyeza chini na kuvuta nyuma kidogo mpaka ikae, ukisikia inagoma usiipigepige, itoe uanze tena.

Ukishajaza na chemba unataka ibaki tupu, na mimi nataka chemba yako ibaki tupu mpaka mtu anayeongoza msafara aseme jaza, bonyeza ile ya juu kwa kidole, sukuma boliti ipite juu yake, hakikisha kwa macho kwamba haijaokota kitu. Kwa macho! Siyo kwa imani.

Na ukikoki, koki mpaka mwisho. Boliti ivute nyuma mpaka igonge, ndio urudishe. Mtu akishikwa na presha anavuta nusu, ganda tupu halijatoka vizuri, risasi mpya haijaokotwa, anafunga juu ya hewa, anavuta triga, 'tik', na nyati yuko mita ishirini. Hii mnaweza kujifundishia sebuleni na risasi za bandia, funga pazia majirani wasiite polisi.

Maandishi ya kitakoni mwa ganda, mnayasoma? Wengi hawayasomi. Nawaambia yasome kila mara, hasa mkiwa kambi moja watu wanne wenye silaha tofauti na risasi zimechanganyika mezani pamoja na chai. .458 Winchester inaingia na inalia kwenye bunduki ya .458 Lott, sawa, ila .458 Lott usiipeleke kwenye bunduki ya Winchester, ganda lake ni refu zaidi. .416 Rigby na .416 Remington kichwa ni kilekile lakini maganda hayahusiani kabisa. Alafu ukiwa na .375 ya kurithi ya mitutu miwili angalia vizuri, inaweza kuwa ile ya ukingo siyo ya mkanda, na hizo ni risasi mbili tofauti. Wala usiseme ikiingia ndio yake, kuna nyingi zinaingia na siyo zake.

Hiyo Lott nimeitaja niwaambie kidogo ilikotoka. Winchester walitoa .458 yao mwaka 1956, wazo zuri, bei nafuu, inaingia kwenye bunduki ya kawaida siyo ile mifumo mirefu ya gharama. Ila ganda lilikuwa fupi, ili kichwa cha greni 500 kipate kasi inayotakiwa ikabidi baruti ishindiliwe ndani, na risasi zikikaa muda baadhi baruti inagandamana mabonge, haiwaki sawasawa, kichwa kinatoka kivivu. Jack Lott, Mmarekani, alijeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, na baadaye akaja kubuni ganda refu zaidi lenye nafasi ya baruti, ndio .458 Lott. Leo risasi za Winchester zenyewe zimerekebishwa, msiwe na hofu nazo, mimi nazitumia. Nachosema ni kwamba hata kiwanda kikubwa kinaweza kukupa bunduki nzuri na risasi isiyoiweza kazi. Piga risasi za boksi ulilonalo kabla ya safari, boksi hilohilo, siyo lingine lenye rangi inayofanana.

Na joto. Baruti ikipata joto presha inapanda, hilo liko tangu enzi za kordaiti, ile baruti ya zamani ya Waingereza. .416 Rigby ya 1911 ilipewa ganda kubwa namna ile ili presha ikae chini, kwa kuwa walijua itakwenda India na Afrika. Sasa wewe unachukua boksi lako unaliweka juu ya dashibodi ya Land Cruiser mwezi wa kumi, kioo kimefungwa, mkiwa huko Selous. Ukipiga unakuta boliti imekwama unaipiga na kiganja. Risasi zikae kivulini, kwenye begi, chini ya kiti. Siyo ngumu.

Wenzangu wa shotigani msinune, nawafikia. Kwenu ni kanga, kwale, njiwa, na hivi visahani vya udongo vya milimita 110 tunavyovirusha hapa. Geji ni kipimo cha upana wa mtutu wa shotigani, namba ikipanda mtutu unakuwa mwembamba. Geji 12 inatosha kwa yote, na marisau namba 7 na nusu kwa visahani na kwale, namba 6 au 5 kwa kanga maana kanga ni mgumu jamani, anakula marisau anakimbia. Choki nayo, ile njia ya mdomoni mwa mtutu kubana kidogo, hesabu ya vitabuni ni kwamba kwa yadi 40 kwenye duara la inchi 30 choki iliyobana kabisa inaweka kama asilimia 70 ya marisau, na mtutu usiobana asilimia 40. Kwale anayeruka mbele ya miguu yako hataki choki iliyobana, utapata manyoya tu. Zaidi ya hapo sina, wapiga visahani mnajua kuliko mimi.

Ila kitu kimoja cha shotigani nitakisema kwa sauti. Risasi za geji 20 ni za njano. Siyo urembo. Geji 20 ni nyembamba, ukiidondosha kwa bahati mbaya kwenye mtutu wa geji 12 haitokei mbele na haibaki nyuma, inateleza inapita chemba inakwama kwenye mtutu. Unachungulia chemba, unaona tupu. Unasema aah kumbe sijajaza, unaweka geji 12 nyuma yake, unafunga, unapiga. Mtutu unapasuka palepale mkono wako wa kushoto ulipo. Kwa hiyo kwenye mfuko mmoja wa koti kamwe zisikae geji mbili, baba na mtoto mkienda kanga na mtoto ana geji 20 basi baba asimbebee risasi zake. Na ukifungua mtutu, tazama mpaka upande wa pili uone mwanga, usiishie kwenye chemba.

Hilo la mwanga linahusu na raifo. Umeanguka, umepita matope, umeegemeza mdomo wa mtutu chini, toa risasi zote, toa boliti, tazama. Na ukisikia mlio wa ajabu, badala ya 'pa' imesema 'puf' na teke halikuja, acha kabisa, usikoki nyingine juu yake, kichwa kinaweza kuwa kimekwama katikati ya mtutu. Ikisema 'tik' na haikulia, subiri nusu dakika mtutu ukiwa unatazama mbele salama, kuna fataki, vile vidude vya kitakoni vinavyowasha baruti, zinachelewa, ndio ufungue.

Kwenye gari chemba tupu, hakuna mjadala. Kuwinda kutoka kwenye gari sheria haitaki na hata isingesema, gari linaruka mashimo na nyuma wamesimama mtreka anayefuata nyayo, askari wa wanyamapori na mgeni, midomo ya mitutu inazunguka kila upande. Mnashuka, mnatembea, mkiona nyayo mbichi na kiongozi amesema, ndio mnajaza.

Haya maswali.

Dada mmoja aliuliza, kwa anayeanza, kama pesa ni ya bunduki moja tu anunue ipi. Nilimjibu kwamba kama nyati hayuko kwenye mipango ya karibuni anunue .308 au .30-06, risasi zake zinapatikana kirahisi kuliko nyingi, kwa kichwa cha greni 180 kilichotengenezwa vizuri ngiri, nyumbu, kongoni mpaka tandala wote inawatosha, na bega litabaki zima afanye mazoezi mengi. Pesa inayobaki iende kwenye risasi za mazoezi, siyo kwenye darubini yenye namba nyingi. Siku ya nyati ikija atakuwa anajua kupiga, .375 ataizoea haraka. Aliongeza akauliza .375 ailenge vipi, nikamwambia ukiiweka igonge sentimita 5 juu ya alama kwa mita 100, kwa kichwa cha greni 300 itarudi kwenye alama karibu na mita 200, na nyati wengi utawapiga ndani ya mita 100 kwa hiyo usiumize kichwa, darubini ya kuanzia mara 1 au 1 na nusu inatosha sana.

Kijana mwingine aliuliza kusafirisha risasi kwa ndege. Mashirika mengi yanafuata kilo 5 kwa abiria, ndani ya boksi lake, zimefungiwa kwenye mzigo wa chini, siyo wa mkononi, na unatoa taarifa kabla. Greni 500 zinakula hizo kilo haraka, pigeni hesabu nyumbani kwenye mizani.

Mwisho yule mzee wangu wa nyuma akanyanyua mkono, akasema yeye haya ya .375 hayamhusu sana, ila nyumbani kuna gobole la marehemu baba yake, limening'inia ukutani miaka, wajukuu wanalichezea, hajui kama lina kitu ndani. Hapo watu walicheka, mimi sikucheka. Gobole linajazwa kwa mbele, halina chemba ya kufungua uchungulie, linaweza kukaa limeshindiliwa tangu enzi za babu na baruti ikiwa kavu bado itawaka. Nikamwambia mzee, kwanza watoto wasilishike tena kuanzia leo. Chukua ufito, uingize mtutuni taratibu mpaka ugote, weka alama kwa dole gumba pale mdomoni, mwili wako usiwe mbele ya mdomo. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama yako iwe sawa na mdomo. Ncha ikifika mpaka usawa wa kile kitundu cha moto, ni tupu. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla, kuna kitu, usijaribu kukitoa mwenyewe, nenda kituoni uwaambie polisi waje walichukue wao, na hapohapo uulize habari ya kibali, kwa sababu kibali cha marehemu hakikuhusu wewe.

Akauliza kama atumie nondo, maana ufito mnyoofu hana. Nikamwambia hapana baba, nondo usiingize, chuma kwa chuma inatoa cheche. Kata mwanzi.